Kibosho: Maji ya mlimani ni safi, dumu je?

Wazazi wengi wa Kibosho wanajua kuchemsha maji ya watoto. Wachache wanajua kwamba ipo aina ya uchafu ambayo moto hauuondoi, na mara nyingi uchafu huo hautoki mtoni. Unatoka stoo.

Ukitoka Moshi mjini kupanda Kibosho, kitu cha kwanza kubadilika ni hewa. Joto la tambarare linabaki nyuma, barabara inapanda kupita Kindi, migomba inasogea hadi ukingoni, na chini ya migomba kunaonekana mibuni yenye majani ya kijani kibichi. Karibu kila kona kuna maji. Mito Karanga na Weruweru inashuka kwa kasi katika makorongo yake, na kati ya mito hiyo kuna vijito, chemchemi na mifongo, ile mifereji ya asili ambayo Wachaga waliichimba kwa mikono kuyaleta maji hadi kwenye vihamba vyao.

Mgeni akifika Umbwe, Singa au Mweka na kuyaona maji hayo yanavyong'aa juu ya mawe, hushawishika kuinama na kunywa kwa kiganja. Wenyeji nao wanajivunia maji yao. Kijana wa Kibosho aliyehamia Dar es Salaam hulalamikia maji ya chumvi ya visima vya mjini, na akirudi nyumbani Desemba hunywa glasi mbili za maji ya bomba kabla hata ya kuulizwa habari za safari.

Fahari hiyo ina msingi. Lakini maji hayafiki kwenye kikombe cha mtoto moja kwa moja kutoka chemchemi. Hupita kwenye bomba, tanki, pipa, dumu na ndoo. Katika vituo hivyo vya mwisho, ndani ya uzio wa familia yenyewe, maji yaliyotoka msituni yakiwa safi yanaweza kukutana na petroli, mafuta ya taa, tina ya fundi rangi au mabaki ya dawa ya kahawa.

Maji yanatoka wapi

Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, ambako Kibosho ipo, ndio unaopata mvua nyingi zaidi mlimani. Katika ukanda wa msitu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Watu wengi hudhani mito inatokana na theluji ya Kibo, lakini sehemu kubwa ya maji hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Maji hayo huzama katika miamba ya volkano yenye nyufa na matundu, kisha hujitokeza chini kama chemchemi. Mji wa Moshi wenyewe unanyweshwa na mlima huu: chemchemi za Nsere na Shiri ni miongoni mwa vyanzo vya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi, MUWSA.

Miamba hiyo inayopitisha maji haraka ni baraka yenye sharti. Kinachomwagwa juu nacho kinaweza kushuka haraka. Wazee walilijua jambo hili bila maabara. Mfongo ulikuwa na wenyewe, ulikuwa na zamu na ulikuwa na adabu zake. Maji ya kunywa yalichotwa alfajiri, kabla ng'ombe hawajapitishwa na kabla mtu hajafua. Aliyeharibu mfongo aliitwa mbele ya wenzake na kutozwa faini, kwa sababu aliyekuwa juu alishika afya ya aliyekuwa chini.

Sheria za leo zinasema jambo hilohilo kwa lugha nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi zake Moshi, husimamia vyanzo. MUWSA na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, husimamia huduma. Lakini hakuna mamlaka inayosimamia dumu lililoko nyuma ya jiko. Hiyo ni kazi ya mzazi.

Kahawa ilivyoleta chupa za dawa

Kibosho ni nchi ya kahawa. Hii ndiyo Kibosho ya Mangi Sina, iliyoshambuliwa na Wajerumani mwaka 1891, na ambayo misheni yake ya Kikatoliki ilianza mwaka 1893. Kahawa ilipokolea mlimani ilijenga nyumba za bati, ikasomesha watoto, ikazaa chama cha wakulima wenyeji cha KNPA mwaka 1925 na baadaye KNCU.

Pamoja na kahawa yalikuja magonjwa yake. Chulebuni huozesha matunda yakiwa bado mabichi, na kutu ya majani huupukutisha mbuni mpaka ukabaki vijiti. Kwa miongo mingi mkulima alipambana nayo kwa dawa za shaba, ule unga wa rangi ya samawati ambao ulipakaa kwenye majani, kwenye mashati na kwenye ngozi. Kisha zikaja dawa za maji za kuua wadudu, zinazouzwa katika chupa ndogo dukani kwa wauza pembejeo.

Hapo ndipo viyeyushi vya viwandani vilipopata njia ya kuingia nyumbani. Kiyeyushi ni kimiminika kinachoyeyusha vitu ambavyo maji hayawezi kuviyeyusha, kama vile grisi, rangi ya mafuta, gundi na sumu nyingi za wadudu. Petroli na tina ni viyeyushi. Tapentaini ni kiyeyushi. Ile dawa ya wadudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ikimiminwa ndani ya maji mara nyingi ni sumu iliyoyeyushwa ndani ya kiyeyushi kitokanacho na mafuta ya petroli, kama vile zaileni, pamoja na kitu mfano wa sabuni kinachosaidia ichanganyike na maji. Kwa hiyo anayetumia tena chupa hiyo ana mambo mawili ya kuogopa: sumu ya wadudu na kiyeyushi kilichoibeba.

Dawa hizi zimekuwa zikikaa karibu mno na familia. Uchunguzi wa watafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2001, uliofanywa katika mashamba 27 ya kahawa na pamba, ulieleza uhifadhi usio salama wa viuatilifu na upungufu wa vifaa vya kujikinga. Kihamba ni kidogo. Nyumba, jiko, zizi, migomba na mibuni vyote vimebanana kwenye eneo ambalo mtoto wa miaka mitatu analimaliza kwa dakika chache. Stoo ya dawa kwa kawaida ndiyo stoo ya mahindi, na bomba la kupulizia huoshwa kwenye koki ileile ambako ndoo ya kunywa hujazwa.

Dumu lina kumbukumbu

Plastiki si kioo. Dumu la njano ambalo kila familia inalo linaonekana gumu na lisilopenyeka, lakini viyeyushi huingia taratibu ndani ya kuta zake na kukaa humo. Mwenye dumu akilisugua kwa mchanga na sabuni anaondoa kilichoko juu tu. Kilichozama kwenye plastiki kinabaki, kisha kinaanza kutoka kidogokidogo kila dumu linapojazwa maji, hasa maji yakilala humo siku mbili au dumu likikaa juani.

Ndiyo maana dumu lililobeba petroli linaendelea kunuka hata baada ya kuoshwa mara kumi. Harufu ile ni petroli yenyewe ikitoka ukutani.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Ndani ya petroli kuna kemikali iitwayo benzini, inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri benzini katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Tone moja la petroli lina uzito wa kama miligramu 35. Hata kama benzini ni asilimia 1 tu ya petroli hiyo, tone hilo moja lina miligramu 0.35. Likiingia kwenye dumu la lita 20, kila lita itakuwa na miligramu 0.0175. Hicho ni karibu mara mbili ya kiwango cha WHO, kwa tone moja.

Kiwango hicho kimewekwa kwa kufikiria mtu anayekunywa maji hayo maisha yake yote, hivyo mzazi hana sababu ya kuingiwa na hofu kwa sababu ya kikombe kimoja cha jana. Hatari iko kwenye mazoea: dumu lilelile, kila siku, mwaka baada ya mwaka, kuanzia mtoto akiwa tumboni hadi aingie darasa la kwanza.

Hali ni hiyohiyo kwa mapipa makubwa ya plastiki yanayouzwa yakiwa yametumika. Mengi yaliagizwa nchini yakiwa na kemikali za viwandani, mengine yakiwa na vyakula kama juisi na mafuta ya kula. Yakishaoshwa na kupangwa barabarani yanafanana. Familia hununua pipa la kukingia maji ya mvua au kuvundikia mbege, na muuzaji hana karatasi yoyote inayoonyesha lilibeba nini. Pipa ambalo historia yake haijulikani halifai kwa kitu chochote kinachoingia kinywani.

Moto hausafishi kila kitu

Kuchemsha maji ni ushauri mzuri, na hakuna sababu ya kuuacha. Moto unaua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu vingi. Lakini kemikali si kijidudu. Haina uhai wa kupoteza.

Baadhi ya viyeyushi huruka kwa mvuke vikipata joto. Mzazi anaweza kudhani hiyo ni nafuu, lakini mvuke huo unaingia kwenye hewa ya jiko dogo lililofungwa, ambako mama yuko karibu na moto na mtoto mchanga yuko mgongoni. Sumu nyingine haziruki. Hubaki kwenye sufuria, na kwa kuwa maji yamepungua, zinakuwa kali zaidi kuliko mwanzo.

Wakazi wa mikoa ya kaskazini wanalo somo la namna hiyo tayari. Katika maeneo kadhaa ya Arusha na tambarare za Kilimanjaro, maji yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Floraidi ndiyo inayoyapa meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana hupinda mifupa ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi hata kidogo. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita kwa sababu ya uhaba wa maji mbadala, kabla ya kushusha kiwango hadi miligramu 1.5 kinachoshauriwa na WHO. Watoto waliokunywa maji hayo walikuwa na wazazi waliojua kuchemsha. Walichokosa ni taarifa kwamba tatizo lao halikuwa vijidudu.

Chujio la kawaida la mshumaa wa udongo nalo huzuia vijidudu na matope, si viyeyushi. Vichujio vyenye kaboni maalumu vinaweza kunasa viyeyushi vingi, lakini kaboni hujaa na lazima ibadilishwe kwa wakati. Mkaa wa jikoni uliotupwa ndani ya ndoo haufanyi kazi hiyo.

Pua nayo ina mpaka. Ukisikia harufu ya mafuta, rangi au dawa kwenye maji, acha kuyanywa mara moja. Lakini kutosikia harufu si cheti. Benzini inaweza kuwa mara nyingi zaidi ya kiwango cha WHO kabla ulimi wa mtu haujaitambua.

Yaliyowakuta wengine

Mfano unaojulikana zaidi duniani uko Marekani. Katika kambi ya jeshi la wanamaji ya Camp Lejeune, North Carolina, familia za askari zilikunywa, zilioga na zilipikia maji ya visima vilivyoingiwa na viyeyushi kati ya mwaka 1953 na 1987. Sehemu ya uchafu huo ilitoka kwa dobi wa nje ya kambi aliyefua nguo kwa kemikali badala ya maji, na sehemu nyingine ilitoka kwenye matangi na shughuli za kambi yenyewe. Miongoni mwa kemikali hizo zilikuwamo benzini na traikloroethilini, kiyeyushi cha kuondolea grisi kwenye vyuma, ambacho baadaye wataalamu wa saratani wa WHO walikiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Maji yalikuwa yanaonekana safi. Askari na wake zao walipikia watoto uji kwa imani ileile aliyonayo mama wa Kibosho. Tafiti za baadaye ziliyahusisha maji hayo na saratani kadhaa, na pia na kasoro za ubongo na uti wa mgongo kwa watoto ambao mama zao waliyanywa wakiwa wajawazito. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaruhusu waathirika kudai fidia mwaka 2022, miaka 35 baada ya maji hayo kukoma kutumika.

Tanzania ina kisa chake pia. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki ilipelekwa katika shamba la Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani, baadhi yake ikiwa imeshapitwa na wakati. Ghala lilianguka, dawa zikaingia ardhini. Hata baada ya usafishaji, watafiti walioenda kupima miaka ya 2000 waliukuta udongo bado umechafuka vibaya. Kemikali ikishaingia ardhini, kuitoa ni kazi ya miongo. Kuizuia isimwagike ni kazi ya siku moja.

Kibosho si Camp Lejeune wala si Vikuge. Lakini kila familia inayoweka lita moja ya dawa karibu na dumu la maji ina ghala lake dogo.

Kwa nini watoto kwanza

Mtoto hunywa maji mengi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Ini na figo zake bado zinajifunza kazi ya kusafisha sumu. Ubongo wake unakua. Mjamzito naye hunywa kwa niaba ya wawili, na viyeyushi vingi vinaweza kupita kwenye kondo la nyuma.

Mtu aliyekunywa au kuvuta kiyeyushi kingi kwa mara moja anaweza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida. Kiwango kidogo cha kila siku hakina dalili ya kumwambia mzazi chochote. Hakuna homa, hakuna kuhara. Kwa hiyo kinga haiwezi kusubiri dalili.

Kuna hatari nyingine ya haraka zaidi, nayo hutokea majumbani mara nyingi: mafuta ya taa, petroli au dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu haulizi. Mafuta haya yanapomezwa ni rahisi kuteleza na kuingia kwenye mapafu, na yakifika huko husababisha nimonia ya kemikali.

Likitokea hilo, mzazi asimtapishe mtoto. Kumtapisha kunayapa mafuta nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Asimpe maziwa wala mafuta ya kula, licha ya desturi iliyozoeleka. Amvue nguo zilizolowa, aoshe ngozi kwa maji na sabuni, amkimbize hospitali bila kusubiri aanze kukohoa, na abebe chupa au lebo ya kitu alichokunywa. Kwa wakazi wa huku, Hospitali ya Kibosho iko karibu, na mjini kuna Mawenzi na KCMC. Lebo hiyo inaweza kumwokolea daktari muda mwingi, kwa sababu mafuta ya taa na dawa ya wadudu havitibiwi kwa namna moja.

Kuanzia stoo hadi koki

Mambo ya kufanya nyumbani hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji msimamo.

Dumu la maji liwe la maji tu, na lianze maisha yake likiwa jipya au likiwa limebeba chakula. Liwekewe alama isiyofutika, hata kama ni kamba nyekundu shingoni, ili mgeni, kibarua au kijana anayetumwa petroli ya bodaboda asilichukue. Dumu likishabeba mafuta au dawa hata mara moja, limeacha undugu na jiko.

Chupa tupu ya dawa isuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kupulizia yakatumike shambani, si kwenye mfongo. Kisha chupa itobolewe ili asitokee mtu wa kuiokota akawekea mafuta ya kula. Isichomwe jikoni wala kufukiwa jirani na chemchemi. Mkulima amuulize muuza pembejeo au ofisa ugani utaratibu wa kukusanya makopo matupu.

Bomba la kupulizia lisioshwe kwenye koki ya nyumbani wala mtoni. Linapojazwa, mpira wa maji usizamishwe ndani ya dawa, kwa sababu maji yakikatika ghafla bomba linaweza kunyonya mchanganyiko na kuurudisha kwenye mtandao ambao jirani naye anaunywa.

Dawa, tina na mafuta vifungiwe mahali pa juu, mbali na chakula na maji, vikiwa kwenye chupa zake vilizonunuliwa nazo. Mzazi anunue kiasi cha msimu mmoja tu. Punguzo la bei ya lita tano halina faida kama lita tatu zitakaa miaka minne chini ya kitanda.

Fundi bomba anapounganisha mabomba kwa gundi, ajue kuwa gundi hiyo nayo ni kiyeyushi. Iachwe ikauke kama maelekezo ya kopo yanavyotaka, kisha maji ya mwanzo yaachwe yamwagike mpaka harufu iishe, ndipo familia ianze kunywa. Bomba la plastiki lisipitishwe kwenye udongo uliomwagikiwa petroli au oili chafu, kama penye gereji au mashine ya kusaga. Petroli inaweza kupenya ukuta wa bomba hata pasipo na ufa wowote. Kisima nacho kisichimbwe karibu na maeneo hayo.

Wenye mibuni mizee wanaweza kupunguza tatizo shambani kwenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoko Lyamungu, mwendo mfupi kutoka Kibosho, imetoa aina za kahawa zinazohimili chulebuni na kutu ya majani. Mbuni usiougua hauhitaji kupuliziwa dawa za magonjwa hayo, na kila safari ya kupulizia iliyofutwa ni chupa moja pungufu ndani ya uzio.

Ukishuku maji yako

Anayesikia harufu ya mafuta au dawa kwenye maji ya bomba atoe taarifa kwa mtoa huduma wake, MUWSA au RUWASA, na aseme wazi kuwa anashuku kemikali. Kulisema neno hilo kuna maana. Kipimo cha kawaida cha maji huangalia vijidudu, chumvi, uchachu na tope, na maji yenye kiyeyushi yanaweza kukifaulu vizuri kabisa. Kupima viyeyushi kunahitaji mashine maalumu za maabara. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha, na huko ndiko wataalamu wa kemikali waliko karibu zaidi na Kibosho.

Sampuli isichotwe na chupa ya soda ya zamani. Wataalamu waulizwe kwanza, kwa sababu viyeyushi huruka chupa ikiachwa wazi, na sampuli ikifika maabara itakuwa imekwisha kupoteza kile kilichotakiwa kupimwa. Wakati majibu yanasubiriwa, familia itumie chanzo kingine kwa kunywa na kupikia, na isitegemee kuchemsha.

Kabla ya kufika huko, kuna ukaguzi ambao hauhitaji maabara. Jumamosi hii, toa nje madumu yote ya nyumbani. Fungua kila kifuniko, nusa ukiwa umekiweka dumu mbali kidogo na uso, na muulize baba, bibi na kijana wa ng'ombe: hili liliwahi kubeba nini? Lenye harufu, au lile ambalo kila mtu analijibia tofauti, likatwe liwe chungu cha kuoteshea miche. Yaliyobaki yafungwe kamba nyekundu.